Mabaki ya Mlinzi

Watu walimwita Bi Kaburi, naye hakuchukia. Jina hilo alilipata kwa kazi yake. Alikuwa mchapaji wa nyaraka, mwenye chumba kimoja cha mbele mkabala na mahakama, na kwa miaka thelathini na mbili alichapa yale ambayo watu hawathubutu kuyasema kwa sauti: wosia, talaka, barua za kuacha kazi, malalamiko dhidi ya wakubwa, barua za mapenzi za watu wazima ambao mvi zilipaswa kuwa zimewafundisha. Asubuhi moja alikuja mwanamke kuchapiwa barua ya kumwomba mumewe radhi. Alasiri ya siku hiyo hiyo akaja mume kuchapiwa barua ya kumwomba mkewe radhi. Bi Kaburi alizichapa zote mbili bila kutikisa hata unyusi. "Peleka kwa Kaburi," watu waliambiana. "Kikiingia hakitoki."

Kazi hiyo hakuichagua, ilimkuta. Mama yake alipofariki, yeye alikuwa na miaka kumi na tisa, na mdogo wake sita. Baba alikuwa amekwisha kuondoka siku nyingi, akaacha koti nyuma ya mlango. Binti akaacha chuo cha ualimu muhula wa pili, akaazima taipureta ya jirani, akajifunza kuchapa kwa vidole kumi katika wiki tatu, kwa sababu njaa ni mwalimu asiyechelewa darasani. Yule mdogo wake alikuwa na kijiko chake cha bati, na bila kijiko hicho halikuingia tonge kinywani. Ukimpa kingine anafumba mdomo, na hata umsihi vipi haufunguki. Basi akawa Kijiko. Shuleni alikuwa na jina lake, na kwenye ofisi ya wakili alikokuja kuwa karani aliitwa kwa jina hilo hilo la shule. Kijiko lilikuwa jina la nyumbani tu, na baada ya mama kwenda zake, mtu aliyelijua duniani alibaki mmoja.

Posa moja ilikuja katika miaka hiyo. Mposaji alikuwa mtu mzuri, mwenye kazi yake, ila alisema mtoto apelekwe kwa ndugu wengine. Posa ikarudi ilikotoka. Bi Kaburi hakuwahi kulisimulia jambo hilo kwa majuto. Alisema tu kwamba yule bwana alikuwa na meno mazuri.

Kijiko akakua, akasoma, akaoa, akahamia upande wa pili wa mji. Kila Jumapili alikuja kula chakula cha mchana kwa dada yake. Na ndiye aliyemwokoa siku kirusi kilipoingia kwenye kompyuta. Tasnifu ya mwanafunzi mmoja, kurasa mia moja na arobaini, iligeuka kuwa vimraba na alama za mshangao, mwanafunzi akaketi sakafuni akalia kama aliyefiwa. Kijiko alitoka kazini na flashi mfukoni, akakaa mbele ya mashine saa mbili nzima, akairudisha tasnifu karibu yote. Kisha akaweka programu ya ulinzi.

"Sasa hata nzi hapiti, dada," alisema, akionyesha ngao ndogo ya kijani iliyotokea kwenye kona ya kioo. "Ukiiona hiyo ya kijani, jua nipo."

Bi Kaburi aliwaonyesha wateja ile ngao kama mtu anayeonyesha picha ya harusi. "Mdogo wangu huyu," alisema. "Kanilindia."

Mwaka uliofuata siri zikaanza kuvuja.

Wa kwanza alikuwa mjane mmoja aliyechapiwa maelezo ya kesi ya nyumba. Siku ya kusikilizwa, upande wa pili ulikuja na jibu la kila hoja, hata ile aliyoiongeza dakika ya mwisho akiwa mlangoni anaaga. Mjane aliamini kwamba shemeji zake wana mganga. Wa pili alikuwa dereva wa malori aliyeandika kulalamikia breki mbovu. Kabla hajapeleka barua, bosi wake alimwita akamwuliza kwa nini aya ya tatu ina maneno makali hivyo. Dereva hakumtuhumu mtu, lakini hakurudi tena.

Bi Kaburi alijipekua. Alikumbuka kila aliyeongea naye sokoni, kila aliyemsalimu njiani. Makaratasi yaliyoharibika aliacha kuyatupa, akawa anayachoma uani. Alifikia hata kumwuliza jirani wa ukuta wa pili kama huwa anaongea usingizini.

"Unakoroma," jirani alimjibu, "lakini hujawahi kukoroma jina la mtu."

Kisha likaja la kiwanda cha sabuni. Wafanyakazi wanawake walitaka glavu na dawa, kwa sababu magadi yalikuwa yanawala mikono. Msemaji wao alikuwa mama mfupi, mwembamba, ambaye akifungua kinywa mtu hutafuta kipaza sauti kilipo. Walimwita Sauti. Alikuja na wenzake wawili, wakakaa kwenye benchi, wakasema yao, Bi Kaburi akachapa. Siku iliyofuata wenzao arobaini na mmoja wakatia saini. Barua ilikuwa ipelekwe Jumatatu, lakini Ijumaa jioni wanawake watatu, wale wale waliokaa kwenye benchi, walipewa barua za kufukuzwa kazi.

Sauti aliingia chumbani siku hiyo bila hodi.

"Nimekuja kukuuliza swali moja," alisema, "na unijibu ukinitazama."

"Uliza, ndugu yangu."

"Ile barua ulimwonyesha nani?"

"Sikumwonyesha mtu."

"Basi ilijisoma yenyewe." Akaitandaza barua ya kufukuzwa juu ya meza, akaweka kidole chenye ngozi iliyopasuka. "Hapa wanatucheka. Wanasema hakuna mfanyakazi mwenye 'mikono inayobanduka kama rangi ya ukuta wenye unyevu'. Maneno haya si yangu. Mimi nilisema mikono inauma. Wewe ndiye uliyesema tuyapambe. Na barua yenyewe, tangu itiwe saini, nimeilalia chini ya godoro. Wao wameyaona wapi?"

Bi Kaburi aliyatazama maneno yake mwenyewe kwenye karatasi ya watu wengine. Aliyakumbuka vizuri, maana aliyatafuta kwa dakika kadhaa, akapata kwanza ukuta, kisha rangi, kisha unyevu.

"Wallahi sijui," alisema.

Sauti, kwa mara ya kwanza tangu ajulikane, alisema kwa sauti ya chini. "Kaburi gani hili lenye dirisha?"

Habari ilizunguka mji kabla ya jua la kesho. Wateja wakapungua mmoja mmoja, kama watu wanaotoka kwenye mazungumzo yaliyochacha. Waliomfahamu tangu enzi za taipureta walivuka barabara mbele ya mlango wake ili wasilazimike kumsalimu. Kuna siku alikaa kuanzia asubuhi hadi adhuhuri akiwa amechapa hati moja tu, tangazo la paka aliyepotea.

Jumapili Kijiko alikuja kama kawaida. Alimkuta dada yake hajapika, amekaa jikoni na mwiko mkononi, jiko limezimika.

"Dada, watu hawana fadhila," alimwambia, akamshika bega. "Umewachapia miaka yote hii, leo kosa moja la kubuni wamekugeuka. Achana nao. Umechapa vya kutosha. Funga kile chumba, njoo ukae kwangu upumzike."

Bi Kaburi alilia begani kwa mdogo wake. Hakuwa amelia mbele yake tangu msiba wa mama. Kijiko alimpa leso, akasubiri anyamaze, kisha akauliza, "Na huyo Sauti, alisema atafanya nini?"

Akamweleza aliyonong'onezwa na jirani. Kwamba Sauti anataka kwenda kwenye baraza la kazi, kwamba anatafuta wafanyakazi wa kuwa mashahidi, kwamba yupo msimamizi mmoja aliyekubali kusema. Alimweleza yote kwa sababu ni mdogo wake, na kwa sababu mtu aliyebeba peke yake kwa muda mrefu akipata pa kutua haulizi pana nini chini.

Wiki chache baadaye muda wa programu ya ulinzi ukaisha. Ngao ya kijani ikageuka nyekundu, na kila robo saa dirisha la onyo likafunguka katikati ya kioo. Kijiko alikuwa safarini na wakili wake. Alipopigiwa simu alisema asubiri, atakuja kuihuisha mwenyewe. Lakini Bi Kaburi alikuwa na kazi adimu siku hiyo, wasifu wa marehemu mmoja, na waombolezaji wawili walikuwa wamesimama nyuma yake wakingoja. Kila alipofika kwenye jina la marehemu, dirisha likalifunika. Mara ya nne alikata tamaa. Akafungua orodha ya programu, akaitafuta, akabonyeza "Ondoa". Mashine ikamwuliza kama ana uhakika. Alikuwa na uhakika.

Alipomaliza wasifu aliwasha mashine upya, akaweka programu nyingine ya ulinzi aliyoinunua kwenye duka la vifaa, ndani ya kasha lenye maelekezo. Ikagoma. Ilisema kwenye kompyuta hii ipo programu nyingine ya ulinzi, aiondoe kwanza.

"Nikuondoe mara ngapi?" aliiuliza. Kwenye orodha haikuwapo. Akampigia tena mdogo wake.

"Umeitoa?" Kijiko alisema.

"Nimeitoa. Imenichosha. Lakini mpya haiingii, inadai ya zamani bado ipo."

Huko aliko, alisikika akifunga mlango.

"Dada, nisikilize. Izime mashine. Usiguse kitu. Na usimpe fundi yeyote, umesikia? Mafundi wa mitaani ni wezi wa siri za watu. Nisubiri Alhamisi."

"Sawa, baba," alisema, maana alipomhurumia alimwita hivyo. Akakata simu akitabasamu. Bado alikuwepo mtu mmoja anayemhangaikia.

Angemsubiri, kama si mwalimu mkuu mmoja mstaafu aliyekuja kesho yake na daftari la kumbukumbu zake, kurasa mia mbili kwa mkono. Hakujali maneno ya mjini. "Mimi siri sina," alisema, "na kama ninazo, waliozijua wamekufa." Ilikuwa kazi ya mwezi mzima, na Bi Kaburi hakutaka kuichapa kwenye mashine isiyo na ulinzi, yasije yakawa ya tasnifu. Akaifunga kompyuta ndani ya shuka, akaibeba mitaa miwili hadi kwa Fundi Taratibu.

Fundi huyu alikuwa mtu mnene mwenye mikono midogo, aliyefanya kazi nyuma ya duka la viatu katikati ya mashine zilizofunuliwa matumbo. Neno lake kwa kila jambo lilikuwa taratibu. Alimpa Bi Kaburi kiti, akamsikiliza, akawasha.

"Hii kawaida yake," alisema. "Programu za ulinzi zina mizizi. Ukibonyeza kuondoa, ni kama mpangaji aliyehama. Nyumba unaiona tupu, kumbe nguo zake bado ziko kwenye kamba, na ufunguo mmoja anao. Mpangaji mpya akija anabisha hodi, anasikia mtu ndani."

Aliiwasha mashine kwa namna ya tahadhari, ile inayoamsha vitu vya lazima tu. Kutoka kwenye tovuti ya wenye programu alikuwa amepakua kifaa chao cha kufutia mabaki, akakiendesha. Kikafanya kazi, kikasema kimemaliza. Fundi hakukiamini. Aliamuru mashine ionyeshe folda zilizofichwa, akaanza kupekua moja moja, huku akizungumza na mashine kwa upole kama daktari wa watoto. Hili ni lao, toka. Na hili. Huku kwenye rejista ya mfumo, daftari la ndani la mashine, kuna majina yao kumi na saba, taratibu, tutayafuta yote.

Kisha akaacha kuzungumza. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Dada," alisema, "Kijiko ni nani?"

Bi Kaburi alidhani hakusikia vizuri. "Umesema?"

"Kijiko. Kuna sehemu ya programu hii haikutoka. Ni ile ambayo wazazi huiwekea mashine za watoto, waone wanachofanya. Kila dakika tano inapiga picha ya kioo. Kila Ijumaa asubuhi inazikusanya na kuzituma. Zinakwenda kwa anwani inayoanza na neno kijiko."

"Ni mdogo wangu," Bi Kaburi alisema upesi. "Ndiye aliyeniwekea. Labda alitaka kuona kama mashine ni nzima."

Fundi hakumbishia. Alifungua folda, akaisogeza mashine upande wa mteja wake. Zilikuwamo folda ndogo ndogo, kila moja na tarehe ya Ijumaa yake, zikirudi nyuma karibu miaka miwili. Bi Kaburi akachagua tarehe aliyoijua. Picha zikafunguka zikiwa zimepangwa kama kuku bandani. Katika mojawapo ilionekana barua ya wanawake wa sabuni, haijakamilika. Mstari wa mwisho ulisema *mikono inayobanduka kama*, na baada ya hapo palikuwa patupu, alama ya kuandikia imesimama. Ndizo zile dakika alizokuwa akitafuta neno. Alikuwa amekaa pale, amefumba macho, anawatafutia watu neno la kuwafaa, na mdogo wake alikuwa akimtazama mgongoni.

Mteja wa viatu aliingia upande wa mbele, akajaribu jozi, akatoka.

"Futa," alisema hatimaye. "Futa yote, fundi. Mpaka mzizi wa mwisho."

"Nitafuta. Ndiyo kazi uliyonipa." Fundi Taratibu aliuondoa mkono kwenye kipanya. "Lakini nikifuta mimi, hakirudi. Na nimesikia yanayosemwa juu yako mjini, dada. Hivi ndivyo vitu pekee vinavyoweza kusema kwamba si wewe. Ukiviweka, vitamsema yeye. Siwezi kukuchagulia."

Hapo ndipo ilipomwuma kweli kweli. Kijiko hakuwa amemwibia siri za wateja tu. Alikuwa amemweka njia panda, kwamba asafishe jina lake au la mtoto aliyemlea. Alifikiria mwenye ile posa na meno yake mazuri. Alifikiria leso aliyopewa Jumapili ile. Hilo la leso ndilo lililoamua.

"Nakilie kwenye flashi," alisema. "Kisha ufute."

Fundi akanakili picha zote na faili la mipangilio lenye anwani. Ndipo akaanza kung'oa. Akasimamisha huduma iliyokuwa ikijiamsha kila mashine inapowashwa. Akafuta ile ratiba ya Ijumaa. Akaondoa kipande kilichojificha kwenye kivinjari, akafuta folda zilizofichwa, akarudi kwenye rejista akatafuta jina la programu tena na tena mpaka mashine ikajibu kwamba hakuna. Akawasha upya. Programu mpya ikaingia bila hata kukohoa.

Alhamisi Bi Kaburi hakumsubiri mdogo wake nyumbani. Alikwenda ofisini kwa wakili saa tano asubuhi, akaketi kwenye benchi la wateja. Hakuwahi kufika pale. Siku zote alijua tu kwamba wakili huyo anawatetea wenye mali. Kwenye rafu, nyuma ya meza ya mdogo wake, majalada yalikuwa yamepangwa migongo nje, yameandikwa kwa mwandiko wa Kijiko, mwandiko aliomfundisha yeye. Kiwanda cha sabuni. Kampuni ya malori. Na jalada moja jembamba lenye jina la ukoo wa shemeji wa yule mjane.

Kijiko alitoka chumba cha ndani, akamwona, akasimama.

"Shikamoo, dada. Kuna nini?"

Hakuitikia. "Twende ngazini."

Kwenye ngazi palikuwa na dirisha dogo na ndoo ya kudekia. Bi Kaburi alitoa flashi mkobani, akamwonyesha, akairudisha.

"Nimempa fundi," alisema. "Kaniuliza Kijiko ni nani."

Mdogo wake alichungulia juu ya ngazi kama kuna anayesikia. "Niliweka kwa ajili ya usalama wako. Wallahi, mwanzoni ilikuwa hivyo. Nilitaka nikiona kitu kibaya niwahi."

"Halafu?"

"Halafu nikaona jina la mteja wetu. Mara moja tu. Nikamdokeza wakili, akafurahi sana. Akawa ananiuliza kila wiki. Alisema atanifanya karani mkuu." Akashusha sauti. "Mimi ni karani miaka kumi na moja, dada. Unajua ilivyo kupita mbele za watu na chai mikononi miaka kumi na moja?"

"Najua ilivyo kuchapa thelathini na mbili."

"Lakini wewe hukupoteza kitu! Hukusema lolote. Ulichapa tu."

"Wanawake watatu hawana kazi."

"Hao hata huwajui."

"Na mimi? Ulinipa leso, Kijiko. Nililia mbele yako, ukanipa leso, ukaniuliza Sauti atafanya nini. Nikakuambia habari za yule msimamizi. Yuko wapi leo?"

Kijiko alitazama ndoo. "Amehamishwa," alisema.

Bi Kaburi alishuka ngazi akishika ukuta. Nyuma yake alisikia mdogo wake akimwita dada, dada, jinsi alivyokuwa akimwita kutoka dirishani alipomwacha kwa jirani kwenda kazini. Zamani alikuwa akirudi kumbusu mara ya pili. Safari hii alikwenda.

Siku nne hakufungua chumba. Flashi ilikaa juu ya meza ya kulia chakula, akaipita asubuhi, akaipita jioni. Damu ina sauti yake, haisikii hoja. Mara mbili aliichukua ili aivunje kwa mchi, mara mbili akaiweka chini. Siku ya tano alivaa gauni lake la kwendea mahakamani, akaenda hadi nyumbani kwa Sauti, akapiga hodi.

Alimweleza yote akiwa amesimama, maana hakukaribishwa kuketi. Hakumficha mdogo wake nyuma ya "mtu mmoja". Sauti alisikiliza mpaka mwisho, mikono imefungwa kitambaa.

"Utayasema haya barazani?"

"Nitayasema."

"Mbele yake?"

"Mbele yake."

Sauti akavuta kiti. "Keti basi."

Maelezo yale aliyachapa mwenyewe. Katika miaka thelathini na mbili ilikuwa mara ya kwanza kuchapa maneno yanayoanza na "Mimi" na kuwa ni yeye. Alikosea mara tisa kwenye ukurasa wa kwanza.

Baraza la kazi liliketi mwezi uliofuata. Fundi Taratibu alikuja na tai iliyombana, akaeleza taratibu kabisa picha zilivyopigwa na zilivyotumwa. Wakili alisimama akasema kwamba karani wake alifanya hayo kwa bidii yake mwenyewe, bila kutumwa, na kwamba amekwisha kumwondoa kazini. Kijiko alikuwa kwenye kiti cha nyuma. Alimtazama wakili kwa macho ambayo Bi Kaburi aliyatambua, maana ndiyo aliyokuwa nayo yeye nyuma ya duka la viatu. Moyo ulimruka kumwendea. Miguu ikakataa.

Kiwanda kiliamriwa kuwarudisha wanawake wale, na glavu zikanunuliwa. Walirudi wawili. Wa tatu alikuwa amekwisha kuondoka mjini na watoto wake, na barua ya kumwita ilirudi bila kufunguliwa. Msimamizi aliyehamishwa alibaki huko huko. Bi Kaburi alimtafuta pia yule mjane, akamkuta anafua uani kwa watu. Mjane alisikiliza, akakamua shati, akasema, "Ahsante kwa kuja. Ila nyumba ilishakwenda." Akaendelea kufua.

Jioni moja simu ililia.

"Umeniuza, dada," Kijiko alisema. "Damu yako. Mama angekuwepo angekuuliza."

"Sikukuuza. Nimekutaja."

"Tofauti yake nini?"

"Aliyekuuza ulikuwa unampelekea chai."

Kisha simu ikakatika, na tangu siku hiyo haijalia kutoka huko.

Wateja walirudi, si wote. Wengine sasa husimama nyuma ya kiti chake mpaka amalize, wakamwomba afute mbele ya macho yao, naye hufuta bila kununa. Dereva wa malori alipita siku moja, akachungulia, akasema atakuja wiki ijayo, hakuja. Mwalimu mkuu alipata kumbukumbu zake kwa wakati. Na wapo wageni wasiojua kisa hiki, ambao wakati kazi ikiendelea hupenda kuzungumza ili muda upite. Wakimwuliza kama ana ndugu, Bi Kaburi hujibu kwamba anaye mmoja, wa kiume, yu hai. Kisha huwauliza barua yao inakwenda kwa nani.